Kuhamisha maarifa kati ya kampuni washirika wa kimataifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye viwanda, mameneja na wanasheria wa kampuni zinazoingia ubia au mkataba wa kiufundi na kampuni za nje. Mifano mitatu inajirudia: kiwanda cha magari cha NUMMI huko Fremont, California, vyandarua vya Olyset vinavyotengenezwa Arusha, na M-Pesa.

## Misingi

1. Kuhamisha maarifa ni nini? Si ndiyo mafunzo ya wafanyakazi?

Mafunzo ni sehemu yake tu. Maarifa yamehama pale kampuni inayopokea inapoweza kufanya kazi ile mwalimu akiwa hayupo, ikajua kosa limeanzia wapi, na ikabadilisha utaratibu ulingane na mazingira yake bila kuharibu ubora. Mtu aliyemaliza semina ya siku tano na kupewa cheti bado hajafika hapo.

Kuna maarifa yanayoandikika: michoro, fomula, viwango vya joto, ratiba ya matengenezo. Hayo husafiri kwa barua pepe. Kuna na yale yaliyo mikononi, machoni na masikioni mwa watu: fundi anayesikia mlio wa mashine akajua beringi imeanza kuchoka, au mkaguzi anayepapasa kitambaa akajua uzi haukuvutwa sawasawa. Hayo hayahami mpaka watu wakae pamoja na kufanya kazi pamoja. Hasara nyingi katika ubia hutokana na kulipia aina ya kwanza huku ukidhani umenunua na ya pili.

2. Leseni, ubia, mkataba wa huduma za kiufundi: upi unahamisha zaidi?

Leseni inakupa haki ya kutumia teknolojia, pamoja na mafaili yake. Ikishalipwa, mwenye teknolojia hana sababu kubwa ya kukaa kwako. Ubia unaweka watu wa pande mbili chini ya paa moja, na wote hupata hasara kazi ikiharibika, kwa hiyo ujuzi wa mikononi hupata nafasi ya kuhama. Mkataba wa huduma za kiufundi uko katikati. Thamani yake hutegemea kama umetaja watu gani watakuja na kwa siku ngapi.

Kama kinachotakiwa kimeandikika karibu chote, chukua leseni. Ubia ni ghali na huchosha. Kwa vyandarua vya Olyset njia zote mbili zilitumika kwa awamu. Sumitomo Chemical ya Japani iliipa A to Z Textile Mills ya Arusha teknolojia bila kudai mrabaha (malipo ya kutumia ubunifu wa mwingine), uzalishaji ukaanza 2003, na ubia wa nusu kwa nusu ukafuata baadaye, pande mbili zilipokuwa zimeshafahamiana kazini. Mpangilio huo ni mzuri kuigwa: anza na kitu kidogo, ubia uje baadaye.

3. Kwa nini kampuni ya nje ikubali kutufundisha?

Kwa sababu kuna kitu inachokitaka, na ni kazi yako kukijua kabla ya kikao cha kwanza. NUMMI ilianzishwa 1984 na Toyota na General Motors. GM ilitaka kujua magari madogo yanavyotengenezwa kwa ubora na kwa faida. Toyota ilitaka kujua kama utaratibu wake unaweza kufanya kazi na wafanyakazi wa Marekani, chama chao cha UAW na wasambazaji wa vipuri wa huko. Ilipopata jibu, ilifungua kiwanda chake yenyewe Georgetown, Kentucky, 1988.

Kama huoni kitu ambacho mshirika anakihitaji kutoka kwako zaidi ya malipo, chunguza biashara yake ya vipuri na matengenezo. Mwenye kuishi kwa kukuuzia vipuri atakufundisha kuendesha mashine, lakini hatakufundisha kuitengeneza.

4. Je, maarifa huja tu kutoka nje kuja Afrika?

Hapana, na anayeingia mezani akiamini hivyo hujiuza kwa bei ya chini. M-Pesa ilianza kama mradi wa Vodafone ya Uingereza, ukisaidiwa na fedha za idara ya maendeleo ya nchi hiyo. Majaribio ya 2005 nchini Kenya, yaliyokuwa na wateja wasiozidi 500, yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Wateja walianza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 ikajengwa juu ya jambo hilo. Maarifa yenye thamani kubwa yalizaliwa Thika na Mathare, wala hayakuwemo katika mpango wa awali.

Mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani hadi 2015 ilipohamishiwa Kenya. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom walinunua kutoka Vodafone chapa ya M-Pesa pamoja na kazi ya kuiendeleza. Hesabu miaka: 13 tangu uzinduzi. Mkataba wako unasema nini kuhusu nani atamiliki uvumbuzi utakaotoka kwa wateja wako? Tazama swali la 6.

## Kabla ya kutia saini

5. Tutajuaje kama kampuni yetu iko tayari kupokea?

Utafiti wa Gabriel Szulanski uliotoka 1996, uliofuatilia mbinu 38 zilizokuwa zikihamishwa ndani ya makampuni 8, uligundua kwamba vikwazo vikubwa vilikuwa vitatu: mpokeaji kukosa msingi wa kuelewa, kutojulikana kwa hakika kwa nini mbinu inafanya kazi, na uhusiano mgumu kati ya anayetoa na anayepokea. Ukosefu wa hamu, ambao mameneja hupenda kuulaumu, haukuwa mbele. Kama ndivyo ilivyo ndani ya kampuni moja, kati ya kampuni mbili za nchi mbili ugumu huongezeka.

Msingi hupimika. Chagua kazi moja mnayoifanya leo inayokaribia ile mtakayofundishwa, kisha uliza: Kuna kumbukumbu za hitilafu za miezi 6 iliyopita, zenye tarehe na chanzo? Yuko mtu wa shifti, si meneja, anayeweza kueleza kwa nini joto limewekwa pale lilipowekwa? Vipimo vyenu vya maabara vimewahi kulinganishwa na vya maabara nyingine? Majibu mawili yakiwa "hapana", tumia miezi michache kurekebisha hayo kwanza. Ni rahisi kuliko kumlipa mtaalamu wa kigeni akafundishe kuandika daftari la shifti.

A to Z haikuanzia sifuri: ilikuwa na wafumaji, washonaji na soko. Kipya kilikuwa uzi wenyewe. Katika Olyset dawa ya permethrin, asilimia 2 kwa uzito, huchanganywa ndani ya plastiki ya polithini kabla haijayeyushwa na kuvutwa kuwa uzi, kisha hujitokeza polepole juu ya uzi. Hakuna haja ya kukichovya chandarua upya kwenye dawa. Lakini ina maana kosa la kuchanganya au la joto halionekani kwa macho: chandarua kinatoka kizuri, kinakunjwa, kinapelekwa, na udhaifu wake unagundulika maabara au, vibaya zaidi, nyumbani kwa mtu. Pengo la kujazwa lilikuwa hapo, na mafunzo yalipaswa kuelekezwa hapo.

6. Mkataba utaje nini, mbali na bei?

Neno "mshirika atahamisha teknolojia" peke yake halina nguvu. Hakuna hakimu anayeweza kulipima. Andika hivi:

- Orodha ya kazi, kila moja na kiwango: "shifti mbili mfululizo bila msaada, bidhaa zilizokataliwa zisizidi kiasi fulani".
- Sifa za watakaotumwa: miaka yao kwenye kazi ileile, na haki yenu ya kumkataa asiyefaa. Bila hili utaletewa aliyekuwa hana kazi makao makuu.
- Siku za mtu, si miezi ya mradi. Siku 120 za mtaalamu kazini ni kitu kimoja. "Miezi 4 ya usaidizi" huweza kuwa simu mbili kwa wiki.
- Sababu pamoja na viwango: kila kiwango kiambatane na maelezo ya kitakachotokea kikipandishwa au kikishushwa.
- Maboresho mtakayobuni nyinyi: nani anayamiliki, nani anayatumia, na kwa malipo gani. Kifungu kinachompa mwenye leseni maboresho yenu yote bure kipingeni. Kiwango cha chini kinachokubalika ni pande zote kutumia.
- Malipo yafuate vipimo, si tarehe. Bakiza sehemu inayouma ya ada hadi jaribio la swali la 11 lipite.

7. Mkataba wa usiri unatosha kabla ya mazungumzo?

Unasaidia, ila usiutegemee kama ukuta. Siri ikishatoka hairudi, na kesi ya nchi mbili ni ndefu. Gawa taarifa kwa awamu: kwanza matokeo, halafu michoro ya jumla, na viwango halisi vifuate baada ya saini. Mshirika makini atafanya vivyo hivyo kwako, kwa hiyo usikasirike.

## Kazi yenyewe

8. Tupeleke watu wetu kwao, au wao waje kwetu?

Vyote viwili, kwa mpangilio huo. NUMMI ilipeleka mamia ya viongozi wa timu na vikundi kwenye kiwanda cha Toyota cha Takaoka, Japani, kwa wiki kadhaa. Walifanya kazi kwenye laini yenyewe ya kuunganisha magari, bega kwa bega na Wajapani. Walichokiona huko, yaani mfanyakazi wa kawaida akisimamisha laini na kiongozi kuja kumsaidia badala ya kumfokea, hakuna kitini kingewaaminisha. Kisha wakufunzi wa Kijapani wakaja Fremont na kukaa.

Kwa kila stesheni (kituo cha kazi kwenye laini) muhimu peleka watu wawili, kamwe si mmoja. Mmoja akiugua au akiondoka unabaki na kitu, na wawili husahihishana wanaporudi. Peleka na msimamizi wao wa moja kwa moja, hata kwa siku chache. Fundi anayerudi na mbinu mpya kwa bosi asiyeiona huisahau ndani ya mwezi.

9. Lugha inatukwamisha. Tufanyeje?

Mara nyingi maelezo hutoka kwa Mjapani au Mchina kwenda Kiingereza cha mkalimani, halafu Kiswahili cha msimamizi, na kila hatua hupunguza kitu. Kinachopotea kwanza ni kiasi: "kidogo", "mpaka ikaze", "isiwe moto sana". Lazimisheni namba au mfano wa kushikika. Kaza mpaka wapi? Mizunguko mingapi, au nguvu kiasi gani kwenye spana ya kipimo? Wekeni kwenye ubao sampuli tatu zilizofungwa: nzuri, inayokubalika kwa shida, mbovu. Sampuli haihitaji mkalimani.

Andikeni pia majina ambayo mafundi wanayatumia kweli. Sehemu inayoitwa "mdomo" na shifti nzima iandikwe "mdomo" kwenye mwongozo, pamoja na namba yake ya kipuri. Na mkalimani apewe wiki moja kiwandani kabla mgeni hajafika. Anayekutana na mashine siku ileile hutafsiri maneno tu.

10. Tumeiga kila kitu walichotuonyesha, lakini matokeo hayaji. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa na wengi, na GM ililiishi kwa miaka. Kiwanda cha Fremont kilikuwa cha GM kabla ya kufungwa 1982, na kilijulikana kwa utoro, malalamiko na magari mabovu. NUMMI iliwaajiri tena wengi wa wafanyakazi walewale, chini ya chama kilekile, na ubora ukakaribia wa viwanda vya Japani. Lakini viwanda vingine vya GM vilipojaribu kuiga, maendeleo yalikuwa ya taratibu mno.

Angalia kamba ya laini. Ukiitazama ni kamba tu iliyoning'inia juu ya stesheni. Mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, taa inawaka, muziki unalia. Hilo linaonekana na linanunulika. Kisichoonekana ni haya: kiongozi wa timu yuko hatua chache tu na kazi yake ni kuja; laini haisimami papo hapo, inaendelea hadi mwisho wa stesheni ili apate sekunde za kurekebisha; aliyevuta hashukiwi; mhandisi hufuatilia chanzo ili kasoro isirudi; msambazaji wa kipuri kibovu hupigiwa simu na kusikiliza. Toa kimoja, na kamba inakuwa pambo. Mahali ambapo meneja hulipwa kwa idadi ya magari yaliyotoka siku hiyo, kila kuvuta kamba ni kumnyang'anya posho, na wafanyakazi hujifunza haraka kutoigusa.

Basi tatizo linapotokea, usiulize "tumesahau kifaa gani?" Uliza: kwao, nani huja kitu hiki kikitumika? Anakuja baada ya muda gani? Analipwa kwa kipimo gani? Nani hapa kwetu anaumia kikitumika? Swali la mwisho ndilo hutoa jibu mara nyingi.

Huduma nazo ziko hivyohivyo. Vodacom ilipozindua M-Pesa Tanzania 2008, mfumo ulikuwa na jina lilelile la Kenya, ila ukuaji wa mwanzo ulikuwa wa polepole zaidi. Programu husafiri ikiwa nzima. Kinachobaki nyuma ni utaratibu wa kuhakikisha wakala wa kijijini hakosi floti (salio na fedha za kufanyia miamala) saa ambayo mteja amesimama mbele yake. Umbali, uwezo wa wakala na jinsi anavyorudishiwa floti ni mambo ya kupangwa upya katika kila nchi.

11. Tunapimaje kama maarifa yamehama kweli?

Mwondoe mwalimu. Siku zilizokubaliwa kwenye mkataba, wataalamu wa nje wasiingie kiwandani kwa wiki 2 na simu zao zisipokelewe ila kwa jambo la usalama. Linganisha bidhaa zilizokataliwa, saa za mashine kusimama na muda wa kurekebisha hitilafu na wiki 2 zilizotangulia. Matokeo kushuka kidogo ni kawaida. Ikiwa muda wa kurekebisha umeongezeka mno wakati uzalishaji wa kawaida ni mzuri, mmejifunza kuendesha lakini hamjajifunza kutambua kosa, rudini hapo.

Kipimo cha pili: waambie waliofundishwa wawafundishe wengine wawili, kisha wapime hao. Idadi ya waliohudhuria mafunzo haipimi chochote. Iache kwenye ripoti ya wafadhili.

12. Tunahisi wataalamu wao wanatuficha mambo.

Huenda ni kweli, lakini mara nyingi wao wenyewe hawajui kwamba wanajua. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 haoni tena maamuzi anayoyafanya. Usimwombe "tueleze", mwombe afanye, na mtu wenu asimame karibu akiuliza kila anapogusa kitu: "Umegusa hiyo kwa nini sasa hivi?" Andikeni majibu siku hiyohiyo. Kama bado anakwepa kuhusu jambo moja maalumu, kwa mfano mchanganyiko wa kemikali, kuna uwezekano amekatazwa. Hilo ni la mezani kwa wakurugenzi, msimsumbue fundi.

## Kodi, vibali na haki

13. Malipo ya mrabaha na utaalamu yana kodi gani?

Tanzania hukata kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla ya kulipa, ya 15% kwenye mrabaha na kwenye ada za huduma zinazolipwa kwa asiye mkaazi. Kenya kiwango cha kawaida kwa asiye mkaazi ni 20%. Mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili unaweza kupunguza, lakini Tanzania inayo na nchi chache, zikiwemo India, Afrika Kusini na Kanada. Angalia kabla ya kukubali bei.

Mtego uko kwenye maneno "malipo yatakuwa halisi baada ya kodi". Mshirika akitaka dola 100 mkononi, kwa zuio la 15% wewe unalipa dola 117.65, kwa sababu kodi hukatwa kwenye jumla iliyopandishwa. Katika mkataba wa miaka 10 tofauti hiyo ni mashine nzima.

14. Wataalamu wa kigeni wanaruhusiwa kukaa muda gani?

Kwa Tanzania, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inatoa kibali cha miezi 24 kinachoweza kuhuishwa, ila jumla ya muda ina kikomo kwa mwajiriwa wa kawaida. Sheria hiyo humtaka pia mwajiri awe na mpango wa kurithisha kazi unaoonyesha jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa raia. Wengi huujaza kama fomu ya kupitisha kibali. Utumie kweli: mtaje mrithi kwa cheo, kazi atakazokabidhiwa na miezi, halafu ufanye kiambatisho cha mkataba wa swali la 6. Unakuwa na karatasi moja inayowabana wote wawili.

15. Kama mshirika ana hataza, tunahitaji leseni kila mahali?

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hulinda pale tu iliposajiliwa, kwa kawaida miaka 20 tangu maombi. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye ofisi za usajili wa hataza: BRELA kwa Tanzania Bara (Zanzibar ina ofisi yake, BPRA), KIPI kwa Kenya, na ARIPO, shirika la nchi za Afrika lililoko Harare. Ukikuta haikusajiliwa kwenu, una nguvu ya kupunguza bei, ila usisahau nchi unakopeleka bidhaa. Soma na hati yenyewe ya hataza: ni ya wazi kwa umma, inaeleza mengi, na maswali yako kwa mshirika yataongezeka uzito.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mshirika wetu wa Marekani amekataa kumwonyesha mhandisi wetu mchoro, ingawa yuko ofisini kwao. Anaruhusiwa?

Ndiyo, na huenda amelazimika. Sheria za Marekani za udhibiti wa mauzo ya nje huhesabu kumpa raia wa kigeni taarifa ya kiufundi inayodhibitiwa, hata ndani ya Marekani, kuwa ni kuisafirisha kwenda nchi yake. Dai orodha ya mambo yanayodhibitiwa mapema, na mkataba useme nani ataomba kibali na nani atabeba hasara kikichelewa.

17. Fundi tuliyemgharimia mafunzo akichukuliwa na mshindani?

Mkataba wa kumfunga hukaa salama ukiwa mfupi na ukidai gharama halisi zinazopungua kadiri anavyokaa. Kinga kubwa ni ile ya watu wawili kwa kila stesheni (swali la 8) na mshahara uliopanda pamoja na ujuzi. Kumrudisha fundi kutoka Japani kwenye mshahara uleule ni kumtafutia kazi kwingine.

18. Na mshirika akijitoa katikati?

GM ilijitoa NUMMI 2009 wakati wa kufilisika kwake, Toyota haikuendelea peke yake, na gari la mwisho likatoka Aprili 2010. Jengo likaenda kwa Tesla. Kwa hiyo kifungu cha kuachana kijadiliwe siku ya harusi: haki ya kuendelea kutumia mlichokwisha kufundishwa, nakala ya programu na michoro kwa mtu wa tatu anayeaminika, bei ya malighafi ya pekee kwa kipindi cha mpito, na siku kadhaa za makabidhiano zilizokwisha kulipiwa. Kama malighafi muhimu hutoka kwa mshirika peke yake, anzeni kupima mbadala wake maabara mwaka wa kwanza, ubia ukiwa bado mtamu.